Rangi ya mdomo inayodumu hupakwa nyembamba

Asubuhi ya mahafali yangu nilipaka lipstiki ya maji matabaka matatu. Kichupa kiliandikwa kwamba inakaa saa 16, nami nikapiga hesabu yangu: kama tabaka moja lina nguvu hiyo, matatu yatanifikisha kesho yake. Kabla jina langu halijaitwa, midomo ilikuwa imekakamaa. Nilipotabasamu mbele ya kamera nikahisi kitu kinakatika katikati ya mdomo wa chini. Dada yangu mkubwa akanishika mkono, akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, usicheke kwanza," akasema, huku akitafuta tishu kwenye pochi. Pembe za mdomo zilikuwa zimejaa chembechembe nyekundu, katikati pamebaki wazi, na meno mawili ya mbele yana rangi. Picha za siku ile bado ninazo. Katika zote nimefumba mdomo.

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayejipaka mwenyewe nyumbani, mbele ya kioo chake, bila fundi wa kumshika kidevu. Tangu siku ile nimetumia rangi ya kudumu karibu kila siku ya kazi, nimewapaka ndugu na marafiki kwenye siku zao kubwa, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni lile lile la kwangu. Tunadhani rangi hudumu kwa wingi, kumbe hudumu kwa wembamba.

Sababu iko ndani ya kichupa. Lipstiki ya kawaida, ile ya kuzungusha, ni mchanganyiko wa nta, mafuta na unga wa rangi. Nta huwa ya nyuki au ya mimea, mafuta mara nyingi ni ya nyonyo. Mchanganyiko huo haukauki, unabaki laini juu ya mdomo, ndiyo maana unahamia kwenye kikombe, kwenye kola ya shati, kwenye meno. Lipstiki ya maji ya kudumu imetengenezwa kwa njia nyingine. Ndani yake mna kimiminika kinachoruka upesi hewani, mara nyingi isododekani, na humo mmeyeyushwa silikoni za kutengeneza utando. Ukishapaka, kimiminika kinaruka, utando unabaki umeishika rangi na kung'ang'ania ngozi.

Mtazame fundi anayepaka rangi ukutani. Akipaka nzito kwa mkupuo mmoja, juu panakauka huku ndani pabichi, na haipiti muda ukuta unaanza kupasuka. Mdomo ni ukuta usiotulia. Unaongea, unatafuna, unacheka, unapiga miayo. Utando mwembamba hujikunja pamoja nao, mnene huvunjika.

Kuna jambo linanifurahisha katika historia ya kitu hiki, kwamba kilianzia nyumbani. Hazel Bishop, mkemia wa Marekani, alikuwa akitoka kazini anaingia jikoni kwake kufanya majaribio, zaidi ya 300, mpaka akapata lipstiki isiyohama, nayo ikaingia sokoni mwaka 1950. Yeye alitumia rangi zinazotia doa ngozi yenyewe. Njia ya utando ilishika nguvu baadaye sana. Mwaka 2000 kampuni ya vipodozi ya Max Factor ilitoa lipstiki iitwayo Lipfinity, ya hatua mbili: rangi kwanza, na ikishakauka, kilainishi juu yake. Hadi leo njia kubwa ni hizo mbili, kutia doa au kufunika kwa utando. Ijue uliyo nayo mkononi ni ipi, kwa sababu hazipakwi sawa.

Kazi yenyewe inaanza usiku wa kuamkia siku hiyo. Ngozi ya mdomo si kama ya shavu. Kwa kawaida haina tezi za mafuta za kuilainisha wala za jasho, tabaka lake la juu ni jembamba, na maji yake hutoroka upesi. Ndiyo maana midomo inaweza kukauka na kutoa magamba wakati uso mzima uko sawa. Utando wa rangi ukilalia juu ya gamba, gamba likibanduka linaondoka na rangi yake. Hapo hata lipstiki bora kuliko zote haina la kufanya.

Kwa hiyo usiku nalowesha kitambaa laini kwa maji ya uvuguvugu, nakikandamiza mdomoni kama dakika mbili hadi magamba yalainike, kisha nasugua taratibu kwa mviringo. Basi. Wengine hutumia sukari laini iliyochanganywa na mafuta, na inafanya kazi, lakini usizidishe mara moja au mbili kwa wiki. Baada ya hapo napaka mafuta mazito ya mdomo na kulala nayo. Zamani nilikuwa nasugua asubuhi ile ile, tena kwa mswaki, kwa nguvu, nikiamini ndiyo usafi. Ikifika mchana mdomo unawaka moto chini ya rangi, maana nilikuwa nimeichubua ngozi na kuifunika ikiwa bichi. Sugua usiku, ngozi ipate saa za kupumzika.

Halafu acha kulamba midomo. Najua ni tabia ngumu kuiacha, mimi imenichukua muda mrefu. Mate yakikauka huondoka na unyevu wa ngozi, na yana vimeng'enya vya kusaga chakula ambavyo si rafiki wa ngozi nyembamba namna hii. Mtu anayelamba kila dakika tano atahangaika na lipstiki ya kila aina na kuilaumu kila moja. Na kama mdomo una mpasuko au kidonda, usipake kitu chenye rangi mpaka upone. Utando unaokauka juu ya mpasuko hauufichi, unauvuta na kuufungua zaidi.

Sasa asubuhi. Hapa kuna sheria moja ninayotamani ningeambiwa mapema: mafuta ndiyo ufunguo wa utando. Yakiwa chini yake, hautashika. Yakija juu yake, utalainika na kuachia. Siku ya mahafali nilipaka mafuta ya mdomo, nikapaka lipstiki juu yake papo hapo, kwa hiyo hata lile tabaka la kwanza halikugusa ngozi. Lilikaa juu ya mafuta, na mengine mawili yakakaa juu ya lenye kuteleza.

Ninachofanya siku hizi ni kupaka mafuta kidogo ya mdomo mwanzoni kabisa, kabla sijagusa uso. Nikimaliza fondesheni, nyusi na macho, zimeshapita dakika kumi na tano hivi. Nachukua tishu, nakandamiza, nafuta, nachukua nyingine, nafuta tena, mpaka tishu itoke kavu. Ukigusa mdomo na kidole, kisiteleze. Watu huniuliza kama fondesheni inatosha kuwa msingi wa rangi. Kwangu hapana. Fondesheni nyingi ni laini na zina mafuta yake, na mdomoni zinajikusanya kwenye mikunjo.

Msingi ninaouamini ni wanja wa mdomo, yaani penseli ya kuchorea midomo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharakisha. Wanja ni mkavu kuliko lipstiki, nta yake ni ngumu, na hushika ngozi vizuri. Wengi huchora mstari wa pembeni tu na kuacha katikati patupu. Rangi ikianza kuchuja katikati, unabaki na duara la wanja mdomoni, na kila mtu analiona isipokuwa wewe. Chora pembeni, kisha jaza mdomo mzima kwa mikwaruzo mifupi myepesi, kama mtoto anayepaka rangi picha kwa penseli. Hapo lipstiki ikianza kuondoka, chini yake pana rangi inayofanana nayo, na kuchuja kwake hakushtui.

Chonga wanja kwanza. Anzia kwenye kile kibonde cha katikati ya mdomo wa juu, chora vile vilima viwili, halafu nenda kwenye pembe na urudi kuelekea katikati. Mdomo wa chini anzia katikati, chini kabisa. Pembeni fungua kinywa kidogo, la sivyo pembe zitabaki hazijashika na zitakuwa za kwanza kubanduka. Mkono ukitetemeka, egemeza kiwiko mezani na kidole kidogo kidevuni. Mimi nilijifunza hilo kwa kumtazama mama mmoja akitunga uzi kwenye sindano. Mkono usioegemea popote hautulii.

Wengi wetu wenye ngozi nyeusi tuna midomo ya rangi mbili: wa juu umekoza, wa chini una uwaridi katikati. Lipstiki moja inatoka rangi mbili, na kishawishi ni kuongeza tabaka juu ya tabaka ili zilingane. Hapo ndipo unene unapoingia kwa mlango wa nyuma. Sawazisha kabla, si baada. Jaza sehemu iliyo nyepesi zaidi kwa wanja uliokoza kidogo, au gonga konsila, kile kipodozi cha kufichia madoa, kidogo sana kwa ncha ya kidole kwenye sehemu iliyokoza, uikandamize na tishu. Mimi napendelea wanja kwa mbali, kwa sababu konsila ikizidi chembe tu, rangi inateleza.

Sasa lipstiki ya maji yenyewe. Tikisa kichupa, maana rangi hutuama chini. Kijiti kikitoka kimebeba rangi nyingi mno; kikwangue pande zote kwenye shingo ya kichupa mpaka uone kama kimebaki karibu kitupu. Hicho kiasi kinachoonekana hakitoshi ndicho kinachotosha. Gusa katikati ya mdomo wa chini, vuta kuelekea pembe moja, rudi katikati, vuta kuelekea nyingine. Mdomo wa juu vivyo hivyo. Pitisha mara moja na usonge mbele. Usirudi kusuguasugua mahali palipoanza kukauka, kwa sababu kimiminika kibichi kinayeyusha utando ulioanza kushika, na utaona mabaka yanatokea mbele ya macho yako.

Ndani ya mdomo, ishia pale ngozi kavu inapokutana na ile inayolowa mate muda wote. Utando hauwezi kushika palipolowa. Ukiupeleka huko utajikunja kuwa nyuzinyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoishia kwenye meno.

Kisha tulia. Kinywa wazi kidogo, midomo isigusane, dakika nzima au mbili. Ile tabia ya kubana midomo na kuipiga pamoja baada ya kupaka ni ya lipstiki ya kuzungusha. Kwenye hii, mdomo wa juu unang'oa rangi ya wa chini. Mimi huo ndio muda wa kuvaa hereni. Gusa kwa mgongo wa kidole. Kisipotoka na rangi, tazama kama pana sehemu haikushika, ipake hiyo peke yake, nyembamba, na usubiri tena. Mara nyingi siongezi chochote. Mwisho naingiza kidole safi kinywani, nafunga midomo kukizunguka na kukivuta nje taratibu, kiondoke na rangi iliyobaki ukingoni kwa ndani.

Kama huna ya maji, lipstiki ya kuzungusha pia inaweza kudumishwa, na njia yake ni ya zamani na nzuri. Paka, kandamiza kwa tishu, paka tena, kandamiza tena. Tishu inafyonza mafuta na kuiacha rangi. Halafu chambua tishu ibaki ukurasa mmoja, iweke juu ya midomo, na upitishe brashi yenye poda kidogo isiyo na rangi juu ya tishu hiyo. Poda inayopenya ni kidogo tu, na inanywa mafuta yaliyobaki. Malizia kwa mguso mmoja wa lipstiki. Hii ya poda usiifanye juu ya ile ya maji iliyokauka. Haihitaji, na mdomo utaonekana kama wa mgonjwa.

Zile za kutia doa, tinti, hazina la kusubiri. Zinapenya haraka, kwa hiyo sambaza ndani ya sekunde chache kabla hazijashika, na magamba yoyote yaliyobaki yatakoza zaidi na kuonekana kama madoa. Kwa mtu anayekula na kunywa mara kwa mara, nadhani tinti inamfaa kuliko utando.

Kuhusu saa 16 au 24 zinazoandikwa kwenye vichupa, nitasema yangu. Midomo yangu hupata saa sita hadi nane nzuri, na kinachoamua ni chakula kuliko saa. Kinywaji hakina shida. Chakula chenye mafuta kinayeyusha utando kuanzia ndani kuja nje, kwa sheria ile ile niliyoitaja. Nikijua nitakula cha namna hiyo, nakata tonge dogo, naliingiza bila kupitisha midomoni, na nikimaliza nakandamiza kwa tishu bila kufuta. Kufuta kunasambaza mafuta kwenye rangi iliyokuwa bado salama.

Rangi ikiachia katikati, usiimwagie nyingine juu. Ondoa vipande vilivyolegea kwa tishu, jaza wanja pale palipo wazi, kisha gonga rangi kidogo kwa ncha ya kidole. Ikiwa imebanduka hovyo, ni afadhali kuitoa yote na kuanza upya, na kama huna muda wa hilo, toa yote na ubaki na mafuta ya mdomo. Kwenye pochi sibebi kile kichupa. Nabeba tishu, wanja, na lipstiki ya kuzungusha ya rangi inayokaribiana, kwa ajili ya saa za mwisho za siku tu, kwa kuwa mafuta yake yataulainisha utando wa chini.

Katika kuchagua rangi, ile inayokaribia rangi ya midomo yako ikichuja haionekani. Nyekundu kali na zambarau iliyokoza zinapendeza mno, ila zinadai macho yako siku nzima. Usijaribu rangi kwenye kifundo cha mkono. Ncha ya kidole iko karibu zaidi na mdomo. Na kama meno yako si meupe sana, nyekundu yenye ubluu ndani yake huyang'arisha, wakati ile yenye uchungwa huyaonyesha ya njano zaidi.

Jambo ambalo silegezi kamwe: kichupa changu ni changu. Virusi vya vidonda vya mdomo vinaweza kuhama kwa kijiti, na kijiti kinarudi ndani ya kichupa kikakaa humo. Nikimpaka mtu, namwaga tone kwenye kisahani safi na kutumia brashi yake. Nyuma ya kichupa tafuta kapicha ka kopo lililofunuliwa kifuniko, chenye 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu ulipofungua. Ikibadilika harufu kabla ya hapo, itupe. Rangi mpya naipaka kidogo ndani ya kiwiko na kuiacha siku mbili, kwa sababu manukato, rangi, hata mafuta ya nyonyo vinaweza kumkataa mtu. Mdomo ukiwasha au ukivimba, toa mara moja, na usiipe nafasi ya pili. Uvimbe ukienea usoni au pumzi ikibana, hiyo ni ya hospitali.

Jioni, kuitoa. Jioni ya mahafali niliisugua kwa sabuni na taulo mpaka mdomo ukatoa damu, na wiki nzima nikala kwa shida. Utando haujali maji, unajali mafuta. Lowesha pamba kwa mafuta ya kujipaka au kiondoa vipodozi chenye mafuta, ikandamize mdomoni na uhesabu hadi sitini. Usisugue, hesabu tu. Kisha futa kutoka pembeni kuja katikati na utaona imeachia yenyewe. Ikibaki kwenye mikunjo, pamba nyingine, hesabu tena. Osha, kausha, paka mafuta mazito ya mdomo. Siku mbili kati ya saba midomo yangu haipati kitu kingine zaidi ya hayo mafuta, na kwenye siku ya tatu rangi hushika vizuri kuliko wakati wowote.